Usiketi Mpaka Uambiwe

Majina yake yote matatu ninayajua, maana nilimsikia akiyatamka mara nyingi kwa sauti ile ya mahojiano, taratibu, moja baada ya jingine. Lakini pale kwenye ploti yetu ya Dagoretti hakuna aliyemwita kwa jina hata moja. Alikuwa Sista. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi, na muuguzi kwetu ni Sista hata akiwa amejifunga leso anachambua maharagwe mlangoni pake. Nasema "alikuwa" na bado yu hai. Ulimi wangu umeanza kosa hilo siku hizi, na kila likinitoka naumia.

Ukiwa mpangaji wa pale, kisha uitwe mahojiano ya kazi kwenye ile hospitali kubwa ya mjini, ulipitia mikononi mwa Sista, upende usipende. Na tuliokuwa tukiitwa tulikuwa wengi: wauguzi, watu wa dawa, watu wa maabara kama mimi, hata mpishi mmoja. Habari hazikufichika, kuta zetu zilikuwa za mabati. Jioni ungesikia mlango ukigongwa, naye anaingia na kukuangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nasikia umeitwa."

"Ndiyo, Sista."

Hakukupongeza. "Toka nje. Gonga. Ingia tena."

Nilitoka nje ya nyumba yangu mwenyewe, nikagonga mlango wangu mwenyewe, na yeye huko ndani kimya. Nikagonga tena. "Hapana," akasema. "Umegonga kama askari wa kanjo akifukuza wachuuzi. Rudia."

Siku iliyofuata kamati yake ya mazoezi ilikaa uani, katikati ya kamba za nguo. Sista alikuwa mwenyekiti. Keateka, msimamizi wa ploti, alikaa kuliani kwake, ameonywa asicheke hata iweje. Kushotoni alikaa mama wa mboga aliyekuwa na kibanda chake getini. Huyu alipewa kalamu na kuambiwa awe anaandika tu, asimwangalie mtu usoni. Mbele yao kulikuwa na kiti cha plastiki. Nikaingia, nikasalimia, nikavuta kiti nikaketi.

"Nani amekuambia ukae?" Sista akauliza.

"Nilidhani..."

"Simama. Hiyo kiti si yako. Ukikaa bila kuambiwa, umewaonyesha ushajiajiri. Ngoja wakuambie. Hata wakinyamaza mpaka kesho, wewe ngoja."

Nao wakanyamaza. Nilisimama mpaka goti moja likaanza kucheza lenyewe. Mama wa mboga akanionea huruma, akasema, "Aki, kaa tu, msichana wa watu, utaanguka." Sista alimfukuza kwenye kamati palepale. Akaburuta mtungi wa gesi, akauweka mahali pake, akaniambia huyo ndiye mkurugenzi na nimwangalie machoni. Keateka ilibidi aende nyuma ya choo akamalizie kicheko chake huko.

Alikuwa mkali, na alikuwa na majivuno pia, sitampaka sifa ambazo hakuwa nazo. Aliwaona watu wa maabara kuwa ni watu wa kuchungulia vichupa. Mimi hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa "wewe wa maabara". Ukiongea Kiingereza chenye lafudhi ya nyumbani kwenu alikuiga mbele ya watu wote, na ilhali chake mwenyewe kilikuwa vilevile. Akikosea neno hakukubali kwamba amekosea. Alisema hivyo ndivyo wanavyolitamka huko wodini.

Lakini alikuwa na neno moja alilotufundisha sote, na hilo nalisikia hadi leo. "Usiseme unataka kazi," alituambia. "Nairobi nzima inataka kazi. Sema uko tayari. Wakikuuliza utaanza lini, sema niko tayari. Wakikuuliza zamu ya usiku je, niko tayari. Wakikupigia simu, kabla hata hawajamaliza kusema hallo, niko tayari."

Suti ilikuwa moja. Ya buluu iliyokolea, koti na sketi. Aliinunua mtumba zamani, kisha akaipeleka kwa fundi wa River Road, juu ghorofani, chini kukiwa na duka la misumari, ikabadilishwa vifungo vyote. Wanawake wote wa ploti waliokwenda mahojiano waliivaa hiyo. Mwembamba alibanwa pini kiunoni kwa nyuma, akaonywa asiwape kamati mgongo akitoka, atoke kinyumenyume kana kwamba ni adabu. Mnene aliacha koti wazi. Kabla hujatoka getini ilikuwa lazima usimame mbele ya Sista umuulize, "Kola yangu iko sawa?" Naye angeigusa hata kama iko sawa, kisha akakuachia uende.

Niliivaa mara mbili. Mara ya kwanza niliirudisha jioni nikiwa nimekosa. Mara ya pili nilipata kazi. Wengine kadhaa waliipata kazi wakiwa ndani ya koti lilelile, na siku moja Sista akiwa anaikunja kuirudisha sandukuni alisema, "Hii suti imeandikwa kazi mara mingi kuliko mwenyewe." Tulicheka sana siku hiyo, na yeye alicheka kutushinda. Aliurudia mzaha huo miaka mingi. Yeye hakuacha kucheka, ila sisi tuliacha.

Maana Sista alikuwa akifanya kazi kwenye hospitali hiyohiyo. Alikuwa lokamu. Lokamu ni kibarua cha wodini: unaitwa zamu wakipungukiwa na watu, unafanya kazi ileile ya walioajiriwa, lakini huna bima, huna likizo, na wasipokuita hakuna wa kumuuliza. Yeye alikuwa ameitwa hivyo miaka na mikaka. Wauguzi wapya walioajiriwa walikabidhiwa kwake awaonyeshe kabati la dawa lilipo na daktari yupi hapendi kusumbuliwa. Na kila nafasi za kudumu zilipotangazwa, Sista naye aliomba, akaitwa mahojiano, akakaa kwenye benchi la koridoni pamoja na watoto waliotoka chuo juzi, kuomba kazi aliyokuwa akiifanya.

Hicho ndicho alichokitaka, wala hakukificha. Alitaka waandike jina lake miongoni mwa wenye kazi kabla umri wa kuajiriwa haujampita. Hakuwa na ndoto nyingine niliyoijua. Nyumba ya mashambani hakuizungumzia, mume alikuwa ameondoka zamani na habari zake zilikuwa za kucheka tu. Ila hiyo kazi akiitaja sauti yake ilishuka, ukajua hapo hataki mzaha.

Safari moja mwenyekiti wa kamati halisi alikuwa msimamizi wa wodi yao, mwanamke aliyekuwa akinywa naye chai karibu kila siku. Sista aliingia, akasimama, akaambiwa aketi, akaketi. Yule mama akamwangalia na kumwambia, "Hebu jitambulishe. Wewe ni nani?"

"Sasa ulisema nini?" nilimuuliza aliponisimulia.

"Nilijitambulisha. Majina yote matatu. Nikamwambia nilikosomea na mahali nafanya kazi."

"Akafanya nini?"

"Akaandika. Ati akaniuliza hilo jina la mwisho linaandikwa aje." Alikuwa akimenya viazi, akachukua kingine. "Halafu nikavua suti, nikavaa yunifomu, tukamalizia zamu mimi na yeye. Kulikuwa na mgonjwa wa kugeuzwa, mzito. Tukamgeuza sisi wawili."

Sijui kwa nini hawakumwajiri. Majirani walikuwa na majibu yao. Hana mtu huko juu, walisema. Hajui kunyenyekea. Yeye hakutaka kusikia hayo, hasa lile la mtu wa juu. Ukilianza alikwambia ufunge mdomo wako mchafu. Kwake kulikuwa na sababu moja tu, karatasi za masomo, na kila mara alizifuata. Alianza akiwa na cheti, wakasema wanataka diploma. Akaisoma diploma huku anakesha wodini, akaipata akiwa amekonda mpaka suti ikabanwa pini. Tangazo lililofuata likasema mwenye digrii atapewa kipaumbele. Alilisoma akiwa amesimama kwa mama wa mboga, akalipa sukuma wiki yake, akaenda nyumbani. Siku hiyo tu ndiyo niliyowahi kumsikia akilia, na ukuta ulikuwa wa mabati, kwa hivyo ploti nzima tulimsikia. Keateka alizima redio yake.

Kitu kimoja chake sikuwahi kukielewa. Aliyekwenda mahojiano akakosa, Sista alimchinjia kuku. Kuku huyo alimpika kwa majani ya dania na nyanya nyingi, akamwita yule aliyekosa, akamlisha mpaka akasahau kulia. Aliyepata hakupewa hata chai. Mimi nilipopata, mlango wake ulifungwa siku mbili. Nilidhani ananichukia, na moyoni nilikuwa nimekubali kwamba ana haki. Siku ya tatu alikuja akiwa na viatu vyake vyeupe mkononi.

"Hivi havipigi kelele," akasema. "Watu wa maabara huvaa viatu za kelele, wagonjwa wanaamka. Namba yako ni gani?"

"Sita."

"Itakufinya. Weka gazeti yenye maji ndani, itapanuka."

Ndiyo pongezi niliyoipata. Nilivivaa viatu hivyo mpaka vikaisha.

Halafu kulikuwa na ile habari ya Karen, mtaa wa matajiri, ambayo ikinijia usiku sipati usingizi tena. Zamu zilipokuwa haba Sista alikwenda kumtunza mama mmoja mzee huko, nyumba kubwa yenye miti na mbwa wanaolishwa nyama. Yule mama alimpenda. Hakukubali kuoshwa na mtu mwingine. Watoto wake walimwita Sista sebuleni, wakamwambia aje kabisa, apewe chumba chake nyuma ya nyumba, alipiwe bima, na mshahara ambao sisi tuliposikia tulipiga mluzi. Alikataa.

Nilimfuata nyumbani kwake nikamuuliza kama ana akili timamu.

"Wakinipigia niko kule nitawaambia nini?" alijibu. Hakusema ni kina nani. Hakukuwa na haja. "Niko Karen nasukuma mtu kwa kiti bustanini? Wanataka mtu ako tayari."

"Sista, hawatapiga."

Sikukusudia iwe kali hivyo. Hakukasirika. Alinitazama kwa namna ya kunisamehe, akasema, "Wewe walikupigia." Na ni kweli, walinipigia, tena nilikwenda kwao nikiwa nimevaa nguo zake.

Simu yake ilikuwa ya vibonye, na laini yake hakuibadilisha hata pale mtandao huo ulipokuwa unashika tu ukiwa umesimama karibu na tangi la maji. Watu walimshauri ahame mtandao. Alisema namba hiyo ndiyo aliyowaachia. Stima ikipotea alikuwa mtu wa kwanza kutoka na simu yake kutafuta duka lenye jenereta. Kanisani aliiweka mapajani ikiwa na sauti, pasta alishamgombeza akachoka. Namba ngeni ikipiga, tulimwona akibadilika: mgongo unanyooka, anafunga kifungo cha juu cha sweta, ndipo anapokea. Mara nyingi ilikuwa ni mtu aliyekosea namba, au watu wa kuuza mashamba.

Umri ulipita. Sikumbuki mtu yeyote akilisema jambo hilo kwa sauti. Tangazo lilitoka likitaja umri, naye hakutoa suti sandukuni, basi tukajua. Baadaye hata zamu za lokamu zikakatika, hawakumwambia asije, waliacha tu kumwita. Akapata kimeza nje ya duka la dawa, akawa anapima watu presha. Nami nilikuwa nimehamia mtaa mwingine, nikawa nampitia mara mojamoja.

Mwaka jana nilimkuta hapo kimezani amevimba miguu. Nilimuuliza kama amejipima mwenyewe. Akanijibu kwamba kinyozi hajinyoi. Sikuondoka mpaka akanyoosha mkono nikamfunga kile kitambaa chake cha presha, na namba nilizoziona sikutaka kuziamini. Nikampeleka kupimwa damu. Ilikuwa presha ya miaka mingi, na ilikuwa imekwisha kula figo. Wakamwandikia kliniki kwenye hospitali yetu, ile ile, wakasema watampigia wampe siku.

Nilikuwa naye walipopiga. Tulikuwa tumekaa kimezani, ananisema kwa kukonda, simu ikalia. Aliangalia namba. Mwanzo wa namba za hospitali aliujua kama anavyojua mlango wake. Akasimama. Miguu ilikuwa inamuuma, nilijua, lakini alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha sweta.

"Hallo. Ndiyo, ni mimi. Niko tayari. Naweza kuanza hata leo."

Mimi nilijua ni kliniki. Naye alijua, nilikuwa nimemwambia asubuhi hiyohiyo kwamba watapiga. Lakini mdomo ulikuwa umefundishwa kwa miaka mingi mno, ukatangulia. Akasikiliza. Nikaona uso wake ukienda mahali nisipoweza kumfuata, kisha ukarudi.

"Sawa," alisema. "Asante sana. Nitakuja."

Akaketi polepole, akiwa ameshikilia meza. Nilitamani aseme kitu cha kuchekesha. Sista hakukosa mzaha hata matangani. Mteja alikuwa amefika, mzee mmoja mwenye kofia, akasubiri. Sista akaivuta mashine ya presha karibu naye.

"Wamepiga," aliniambia bila kuniangalia. Akamfunga yule mzee kitambaa mkononi.

Siku ya kliniki niliomba ruhusa kazini nikamngoja kwenye geti la hospitali. Alikuja akiwa amevaa suti ya buluu. Sikuwa nimeiona miaka mingi. Koti lilikuwa limemzidi mabegani, na kiunoni, kwa nyuma, alikuwa ameibana pini mwenyewe, vibaya, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumbania. Nilimrekebishia pale pale getini, watu wakipita, na machozi yalikuwa yananilenga lakini sikutaka ayaone.

Kliniki ile iko mwisho wa korido ile ile ya mahojiano. Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulikaa kwenye benchi lake la siku zote, naye akawa ananyoosha sketi magotini. Wauguzi wawili walipita, mmoja wao nilimkumbuka, alionyeshwa kazi na Sista. Hakumtambua, au alikuwa na haraka. Sista aliwaangalia viatu.

Karani akatoka na faili, akayasoma majina yake yote matatu. Kwa sauti, vizuri, bila kukosea hata moja. Sista akanigeukia.

"Kola yangu iko sawa?"

Ilikuwa sawa. Niliigusa hivyo hivyo. "Iko sawa, Sista."

Mlango wa daktari ulikuwa wazi, lakini alisimama akaugonga, mara mbili, kwa upole, si kama askari wa kanjo. Kisha akaingia. Mimi nilibaki mlangoni nikimshikia mkoba. Daktari alikuwa kijana, sijui ni wa wapi, alikuwa akiandika kwenye kompyuta na aliendelea kuandika. Mbele ya meza yake kulikuwa na kiti cha plastiki. Sista alikifikia, akasimama kando yake, mikono mbele, miguu ile iliyovimba imekaa sambamba ndani ya viatu vyake vingine vyeupe.

Daktari hakuinua kichwa. Alisema jambo kuhusu majibu ya damu, akiisemesha kompyuta, kisha akabonyeza tena. Nikaona goti moja la Sista limeanza kucheza. Kiti kilikuwa hapo, kinamgusa sketi. Nilitaka kumwita, nimwambie, keti, mama yangu, keti, hiki ni chako, lakini niliushika mkoba wake tu.

Naye akangoja.